Unga Wetu, Jina la Mwingine

Ningependa kuwaeleza jambo ambalo nililijibu haraka na ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu.

Mwaka jana, katika wiki ya mitihani, ami yangu alinipigia simu kutoka Busia. Ana kiwanda kidogo cha kukoboa na kusaga mahindi upande wetu wa mpaka, na unga wake huuzwa katika mifuko yenye jina la marehemu bibi yetu. Supamaketi moja ya Kampala yenye matawi kadhaa ilikuwa imemjia na pendekezo. Awasagie unga kila wiki, aufungashe katika mifuko yao, yenye jina lao na rangi zao, na jina la bibi lisionekane popote. "Wewe ndiye sheikh wetu," akaniambia. "Hili lina ubaya wowote katika dini?" Nilikuwa na daftari la fiqhi ya miamala mkononi. Nikamjibu nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa kwamba hiyo ni istisnai, yaani mtu kuagiza kitu atengenezewe kwa sifa anazozitaja, na kwamba ni halali. Ami akafurahi, akanitumia pesa ya chai.

Jibu langu halikuwa batili. Lilikuwa jibu la swali dogo lililojificha ndani ya swali kubwa, na mimi kwa furaha ya kuitwa sheikh sikutazama ndani.

Nieleze kwanza hali yenyewe, maana wengi wetu hula posho mara mbili kwa siku hapa chuoni bila kujua inavyofika. Kwa jina la bibi, ami huuza kama tani mbili kwa wiki. Huuzia vibanda, shule mbili za bweni na mama mmoja mwenye hoteli karibu na stendi, na karibu wote huchukua kwa mkopo. Supamaketi ilitaka tani kumi. Malipo yangekuja baada ya siku arobaini na tano, lakini yangekuja yote pamoja, benki. Mashine ambayo hulala tangu adhuhuri ingesaga mpaka usiku, na vijana wanane waliokuwa wakiitwa siku moja moja wangepata kazi ya kudumu. Hakuna tangazo la redio la kulipia, hakuna kuzunguka na pikipiki kudai madeni. Anayesema kwamba mwenye kiwanda akikubali jambo kama hili ameuza heshima yake, huyo hajawahi kuletewa bili ya umeme ya kiwanda.

Shangazi, ambaye ndiye anayeshika vitabu vya hesabu, alipinga. Hoja yake haikuwa ya fiqhi. Alisema bibi alianza na debe moja sokoni, na kila aliyempimia kibaba alimwongezea kiganja juu yake, na watu wakawa wanakuja kwa sababu ya kile kiganja. "Sasa mkiwapa hao wa Kampala," alisema, "kiganja kitakuwa cha nani?" Nilicheka. Niliyachukua kama maneno ya mtu ambaye bado anamlilia mama yake. Sikukumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwagiza mpimaji wa sokoni apime na azidishe kidogo, na kwamba bibi, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akiitenda hadithi ambayo mimi nilikuwa nimeihifadhi kwa ajili ya mtihani.

Turudi kwenye istisnai. Sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu ni wafuasi wa Imam Shafi'i, na kwa Mashafi'i jambo hili lina ugumu. Kuuza kitu ambacho hakijakuwepo ni biashara ya salamu, na salamu hutaka bei ilipwe yote katika kikao cha mkataba. Mahanafi ndio waliopanua mlango, kwa kutazama kwamba watu tangu zamani wameagiza viatu, vyombo na mapanga kwa mafundi bila yeyote kukataza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilichukua msimamo wa kukubali istisnai kuwa mkataba unaozifunga pande zote mbili, mradi aina ya kitu, sifa zake, kiasi na muda vibainishwe, na likaruhusu bei icheleweshwe au ilipwe kwa awamu. Kwa hiyo siku arobaini na tano za supamaketi hazikunisumbua.

Ushahidi wanaoutaja wanazuoni ninaupenda sana. Mtume (s.a.w.) alituma ujumbe kwa mwanamke mmoja wa Kiansari, amwamuru mtumwa wake aliyekuwa seremala amtengenezee mbao za kukalia anapozungumza na watu. Hiyo ndiyo mimbari ya Madina. Na seremala huyo alikuwa nani? Wanazuoni wametaja majina mengi wakakhitilafiana. Mimbari iliyotukuka kuliko zote, na fundi wake hatumjui kwa yakini! Basi kutengeneza kitu kikabebwa na jina la mwingine si aibu wala si unyonge. Vile vitambaa vya tirazi vilivyofumwa katika viwanda vya Misri, vya Tinnis na Dimyati, vilitariziwa pembeni jina la khalifa. Aliyeketi kwenye kitanda cha mfumi alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kuhusu jina lenyewe, Baraza hilohilo lilikuwa limekwishazungumza katika kikao cha Kuwait, Desemba 1988. (Mwaka uleule chuo chetu hapa Mbale kilifungua milango. Vyombo vyote viwili vimezaliwa na Jumuiya moja ya nchi za Kiislamu, nasi tunasoma maazimio ya ndugu yetu.) Waliamua kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni haki za mwenyewe, zina thamani ya mali katika desturi za leo, haifai kuzivamia, na inafaa kuzihamisha kwa malipo iwapo hakuna gharari, tadlisi wala ghushi. Wengi hunukuu nusu ya kwanza ya azimio hilo, ile ya haki. Mimi nataka tukae kwenye yale maneno matatu ya mwisho, kwa sababu huko ndiko nilikojikwaa.

Je, mnunuzi anadanganywa? Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Asma binti Abi Bakr (r.a.) kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ana dhambi akijionyesha mbele ya mke mwenzake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Akajibiwa kwa mfano mkali: anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Sasa duka linaloandika jina lake juu ya unga ambao halikuusaga, je, halijavaa nguo hizo? Kwa muda nilidhani ndiyo. Kisha nikafikiri juu ya desturi, kwa kuwa desturi huhukumu katika yale ambayo sheria haikuyawekea mpaka. Watu wakijua kwamba jina la duka kwenye mfuko lina maana ya "sisi tumeuchagua na tunaudhamini", hakuna uongo. Lakini je, watu wanajua? Niliwauliza wenzangu sita wa chumba chetu na cha jirani. Wanne walidhani supamaketi ina kinu chake mahali fulani. Mmoja alisema hajawahi kufikiria unga unatoka wapi, na huyo anasomea kilimo.

Kwa hiyo hapa nina wasiwasi, ingawa sithubutu kuita haramu. Mnunuzi wa kawaida hununua unga mweupe usio na uchungu, na akiupata amepata alichotaka. Unga uleule katika mifuko miwili kwa bei mbili, wengine huona ni dhulma. Mimi sioni, kwani bei ya jina la duka na ya rafu safi ni ya aliyeridhia kuilipa, na Mtume (s.a.w.) alipoombwa apange bei sokoni alikataa. Uongo ungeanza pale muuzaji atakaposema huu umesagwa kwetu kwa namna ya pekee.

Mpaka hapo nilikuwa bado mwanafunzi mwenye daftari. Likizo ilipofika nilikwenda Busia kusaidia kiwandani.

Ilikuwa Julai, mahindi mapya ya msimu wa kwanza yanaingia na mvua bado haijakatika. Usiku mmoja yaliletwa magunia ishirini. Kipima unyevu kilisoma 16. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi ya aina hiyo hutakiwa yaanikwe kwanza kwenye turubai siku mbili tatu, kwa sababu unga wa mahindi mabichi huvunda mfukoni. Lori la Kampala lilikuwa linangoja na oda ilikuwa haijatimia. Msimamizi wa zamu ni mtu mwema, hakosi swala ya jamaa. Alitazama ile namba, akatazama orodha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Haya yaende kwenye mifuko ya Kampala. Jina si letu."

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama kando ya mashine ya kushona midomo ya mifuko. Sikusema neno. Nilijiambia mimi ni kijana wa likizo tu, kwamba yeye ana miaka kumi na mitano katika kazi hii, kwamba pengine kipimo kimekosea. Nikashona mifuko. Saa kumi alfajiri lori likaondoka.

Baada ya swala ya alfajiri nikamweleza ami. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Wewe ulijua saa ngapi?"

"Saa tano usiku, ami."

"Na mimi nilikuwa nimelala hatua thelathini kutoka hapo."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alichukua simu akampigia karani wa ghala la supamaketi kabla lori halijafika, akamwambia wasipokee sehemu ya mzigo ule. Lori likarudi na tani mbili, gharama juu yake, na barua ya onyo ikaja kwamba ameshindwa kutimiza oda. Faida ya wiki ile iliisha, na kidogo ya wiki iliyofuata. Siku hiyo hakuniita sheikh.

Nyote mnaijua hadithi ya rundo la chakula katika soko la Madina, aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikapata umajimaji. Mwenye rundo akasema limenyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini hakuliweka lile lililolowa juu watu walione, kisha ikaja hukumu kwamba mwenye kughushi si miongoni mwake. Nimeisoma hadithi hiyo tangu madrasa, na siku zote nilidhani inahusu watu waongo. Usiku ule hakuna aliyesema uongo, na nafaka ilikuwa imelowa mvua vilevile. Tulichofanya ni kutafuta tabaka kavu la kuiwekea juu, na tabaka lenyewe lilikuwa jina la watu wengine.

Hili ndilo sikuliona nilipojibu simu. Nilichunguza mkataba kati ya ami na supamaketi nikaukuta safi. Sikuchunguza unavyomfanya mtu afikiri akiwa amesimama mbele ya kipima unyevu saa tano usiku. Kama mifuko ingekuwa ya bibi, yule msimamizi asingethubutu. Si kwa sababu angemwogopa Allah zaidi (wanaojua kumpima mtu kwa hilo ni wachache), bali kwa sababu kesho yake angekutana na mama wa hoteli pale stendi. Jina lilikuwa linamsaidia kuwa mwaminifu, na tulipoliondoa hatukuweka kitu kingine mahali pake.

Ndipo nikakutana na kisa cha Wathila ibn al-Asqa' (r.a.), walichokipokea Imam Ahmad na al-Hakim. Mtu mmoja, Abu Siba', alinunua ngamia jike katika nyumba ya Wathila. Alipotoka naye, Wathila akamfuata mbio huku akiburura nguo yake. Akamuuliza kama amebainishiwa hali ya ngamia huyo. Mtu akajibu kwamba ni mnono na anaonekana mzima. Wathila akamuuliza anamtaka kwa nyama au kwa safari. Akasema kwa safari ya hija. Wathila akamwambia kwato yake ina tundu. Mwenye ngamia akalalamika kwamba anamharibia biashara. Wathila akamjibu kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema si halali kuuza kitu bila kubainisha kilicho ndani yake, na si halali kwa anayejua kutobainisha.

Angalieni kipande cha mwisho. Kwa kisa hiki wanafiqhi wa madhehebu yetu, akiwemo Abu Ishaq al-Shirazi katika al-Muhadhab, walisema kwamba hata asiyekuwa mmiliki, akiijua kasoro, inamlazimu kumweleza mnunuzi. Wathila hakumwambia Abu Siba' kwamba ngamia ni wake. Alikuwa anajua, na hilo lilitosha.

Sasa pelekeni kisa hiki kiwandani. Msimamizi anasema jina si letu. Sheria inamwuliza: ulijua? Jina linaweza kuuzwa, kukodishwa, kuondolewa kwenye mfuko na kubandikwa jingine, na maazimio ya wanazuoni yanakubali. Ujuzi wa kilicho ndani ya mfuko hauhamishiki kwa mkataba. Unabaki kwa aliyekoboa, aliyepima na aliyeshona mdomo wa mfuko. Mmoja wao ni mimi.

Wenzangu wa sheria watasema dhamana ni ya supamaketi, kwa sababu ndiyo yenye jina. Wana hoja. Kuna kanuni kwamba faida humfuata mwenye kubeba dhamana. Asili yake ni kisa alichopokea Bibi Aisha (r.a.) cha mtu aliyenunua mtumwa, akamtumia kazi, kisha akamrudisha kwa kasoro. Muuzaji akadai ujira wa kazi ile. Mtume (s.a.w.) akaamua ni wa mnunuzi, kwa kuwa angekufa mikononi mwake hasara ingekuwa yake. Kwa kanuni hii supamaketi inayopata faida ya jina haiwezi kugeuka siku ya balaa ikasema sisi tuliletewa tu. Hilo ni sawa. Lakini dhamana yake kwa mnunuzi haifuti deni la ami kwa Mola wake, kama vile mdhamini wa mkopo hamfutii dhambi mkopaji anayekwepa kulipa.

Na tusidhani ni jambo la nadharia. Unga wetu una adui anayeitwa sumukuvu, aflatoksini, sumu ya ukungu ambayo huonwi kwa macho wala kuonjwa, na ambayo ikiliwa kwa miaka huharibu ini. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku chache, kisha ikayafungulia kwa masharti. Pale Busia mtu hahitaji gazeti kuyajua hayo, tuliyaona malori. Nilichokitazama mimi ni kwamba mwaka 2019 kilichosimamishwa kilikuwa chapa. Jina ndilo mpini ambao mkono wa msimamizi wa soko, muhtasibu wa zama zetu, unalishikilia gurudumu zima. Na kanuni za kimataifa za Codex kuhusu maandishi ya vyakula hutaka litajwe jina na anwani ya mtengenezaji, au mfungashaji, au msambazaji, au muuzaji. Ile "au" ndogo yatosha kuuficha mji mzima. Mfuko unaweza kuwa wa halali kisheria na Busia isijulikane kamwe.

Wakati huohuo, ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba ninasema jina lako mwenyewe ni uchamungu na jina la mwingine ni unafiki. Shangazi aliuliza kiganja kitakuwa cha nani. Kabla sijaondoka niliweka mfuko wa bibi wa kilo mbili kwenye mizani. Ulikuwa kilo mbili kamili. Kiganja kilikwishaondoka zamani, siku ile mashine ya kufungasha iliponunuliwa, na sisi tukaendelea kulitumia jina lililojengwa nacho. Nilipomwambia shangazi alikasirika, kisha akanyamaza. Kuna ghushi ya kujificha nyuma ya jina la mgeni, na kuna ya kujificha nyuma ya jina la marehemu wako. Na kuna kiburi pia. Nimewaona wafanyabiashara wanaokataa oda nzuri na kuwaacha vijana bila kazi kwa sababu tu wanataka kuona jina lao ukutani, na wanaita hiyo kujitegemea.

Lakini hesabu ya dunia nayo ina haki yake, na hapa naegemea upande wa shangazi. Minyororo miwili mikubwa ya supamaketi ya Kenya ilikuwa na matawi Kampala. Uchumi ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt, ambayo ilikuwa na bidhaa zenye chapa yake yenyewe, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Wote wawili waliacha madeni makubwa kwa waliokuwa wakiwaletea mali. Fikirieni watu wawili wanaodai. Mmoja bidhaa yake ina jina lake, kesho anaipeleka duka la jirani. Mwingine ana ghala limejaa mifuko iliyochapwa jina la duka lililokufa. Huyo hata unga mzuri alionao hana njia ya kuutambulisha.

Tukitazama nje ya madirisha ya maktaba yetu tunaona mlima Elgon. Kahawa ya Bugisu imetoka pale miongo mingi, na chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake kipo tangu 1954. Inashuka ikiwa punje kavu na kunywewa mbali kwa majina ya wengine. Sisemi kila mkulima angeweza kuikaanga na kuitia pakiti mwenyewe; kukaanga na kuuza ng'ambo kunataka mtaji. Nasema tu kwamba mtu anaweza kulima kahawa maisha yake yote na asijue wanaoinywa wanaionaje, na kutojua huko nako ni umaskini.

Ami aliniuliza tena, safari hii ana kwa ana, tukiwa tumekaa juu ya magunia: "Basi nirudi kwa jina la mama peke yake?" Nilimwambia sijui. Nilimwambia mkataba ni halali kama nilivyosema mwanzo, ila mimi ningeomba mambo ambayo sikuyataja kwenye simu. Kwamba kipimo cha unyevu kiandikwe kwenye daftari mbele ya watu wawili, na mahindi yakizidi kiwango yasisagwe kwa mfuko wowote ule, wa bibi au wa Kampala. Kwamba asiache tani mbili za bibi zife, hata zikiwa hazina faida, kwa sababu kupitia hizo watu hutuambia ukweli. Na kwamba aiombe supamaketi iandike nyuma ya mfuko, kwa herufi ndogo tu, kwamba unga umesagwa Busia na nani. Ami alisema hilo la mwisho hawatalikubali, kwa kuwa siku wakitaka kuhamia kwa msagaji mwingine hawataki mteja ajue kwamba kitu kimebadilika. "Huoni," akasema, "kwamba hapo ndipo wanaponiogopa?" Sikuwa nimeliona.

Aliomba hata hivyo. Walikataa jina, wakakubali namba ya mafungu: tarehe, zamu, na herufi mbili ambazo kiwanda kitachagua, ili mzigo ukiharibika ujulikane umetoka wapi. Kwa mnunuzi wa Kampala herufi hizo hazina maana yoyote. Ami alichagua mbili za mwanzo za jina la mama yake. Shangazi anasema msimamizi wa zamu, siku ya kwanza alipokabidhiwa muhuri, aliugeuza mkononi, akaupima kwenye karatasi, akasoma, na akaomba lile daftari la unyevu alete yeye mwenyewe.